AC ya karavani inavuma lakini haipozi: fuata hewa kabla ya gesi

Kaskazi ikishashika hapa pwani ya Kenya, kati ya Disemba na Machi, simu huanza kuita na maneno huwa yale yale: "Fundi, gesi imeisha." Karavani yenyewe pengine iko Diani kwa wageni wa likizo, au Kikambala nyuma ya nyumba, au imegeuzwa ofisi ya mjengo huko Miritini. Mwenyewe ameshatoa hukumu kabla sijauliza dalili. Nikifika nikafungua kifuniko cha dari, mara nyingi gesi iko vile vile ilivyotiwa kiwandani. Kilichopotea ni njia ya hewa.

Naandika haya kwa sababu watu wanalipia gesi wasiyoihitaji, na wengine wanaharibiwa mashine nzima. AC ya juu ya paa la karavani si sawa na ile ya ukutani nyumbani. Kwa kawaida huja imefungwa kabisa, haina hata mdomo wa kutilia gesi. Na gesi ya AC hailiki ikaisha kama petroli. Ikipungua, ipo sehemu inayovuja, na kuongeza bila kuziba ni kumwaga pesa.

Kwanza tuelewane jinsi hewa inavyozunguka. Katikati ya dari kuna mdomo wa kuvuta, wenye filta ndani yake. Feni inavuta hewa ya joto kutoka chumbani, inaipitisha kwenye koili ya ndani, yaani paipu zinazopitisha gesi, ambayo ni baridi, kisha inaisukuma kwenye mifereji iliyofichwa darini hadi kwenye matundu madogo ya kutolea, ya mviringo au ya mstatili. Hewa ile ile inarudi tena kwenye mdomo. Juu ya paa kuna feni ya pili na koili ya nje, ambazo kazi yake ni kutupa joto angani. Hewa ya ndani na hewa ya nje hazichanganyiki. Ukiziba popote kwenye mizunguko hiyo miwili, mashine inaumia, hata kama gesi yake imejaa.

Vipimo viwili kabla ya kugusa chochote

Nunua kipimajoto kidogo cha jikoni, kile cha kuchomeka. Washa AC kwenye baridi, feni ya juu kabisa, milango na madirisha yamefungwa, uache dakika 20. Pima hewa inayoingia kwenye mdomo wa kuvuta, halafu pima inayotoka kwenye tundu lililo karibu zaidi na mashine. Tofauti ikiwa kati ya nyuzi 8 na 12, mashine yako ni nzima na shida iko kwenye mgawanyo wa hewa. Mombasa usitarajie upande wa juu wa kipimo hicho kila siku. Hewa yetu imejaa unyevu, na nguvu nyingi za AC huishia kugeuza unyevu huo kuwa maji kabla ya kushusha joto. Kwa hiyo hewa ikiingia na nyuzi 31 ikatoka na 22, usiite fundi, wala usilalamike kwamba umeweka 16 na haifiki. Haitafika.

Kipimo cha pili ni cha moshi. Washa kijiti kimoja cha udi, ukipitishe polepole kuzunguka mdomo wa kuvuta, kandokando ya kifuniko cha dari, na kwenye kila tundu. Kwenye mdomo, moshi unyonywe moja kwa moja. Kwenye tundu, usukumwe mbali. Ukiona moshi unasukumwa pale ambapo ungenyonywa, au unapotelea kwenye ufa wa dari, umeshapata nusu ya jibu. Hakikisha tu jiko la gesi na mtungi vimefungwa kabla ya kuwasha kiberiti humo ndani.

Upepo wenyewe ni hafifu

Hii ndiyo dalili inayoongoza, na sababu yake ya kwanza ni filta. Pwani filta haichafuki kama kitabu cha maelekezo kinavyosema. Vumbi laini huingia, unyevu hulilowesha, likikauka linakuwa kama udongo wa kukandika ukuta. Karavani zinazokaa karibu na barabara ya malori, kuanzia Changamwe hadi Mariakani, huongezewa na masizi ya dizeli. Nimezoea kuvua filta ambayo mwenyewe anadhani imetengenezwa nyeusi, nikiiosha inatoka ya kijani. Ivue kila wiki mbili msimu wa joto, ioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya kawaida, ikaushe kivulini. Usiirudishe ikiwa mbichi. Na usiendeshe AC bila filta ati upepo utoke vizuri. Utatoka vizuri kwa siku chache, halafu uchafu wote utahamia kwenye koili, ambako kuusafisha ni kazi ya nusu siku.

Ikiwa filta ni safi, hesabu matundu. Mengi ya mviringo hufungwa kwa kuzungushwa, na watoto hupenda kuyazungusha. Wakubwa nao hufunga kwa makusudi wakiamini kwamba wakibana matundu manne kati ya sita, baridi yote itahamia kwenye mawili yaliyobaki. Haiendi hivyo. Feni ya karavani ni ndogo na haina nguvu ya kulazimisha hewa yote ipite pembamba. Hewa inapungua, koili inakosa joto la kumeza, na barafu inaanza kushika. Kanuni yangu kwa karavani ya matundu sita ni kwamba usifunge zaidi ya mawili, na hayo mawili usiyabane hadi mwisho.

Sababu ya tatu haionekani mpaka ufungue, nayo ndiyo ninayoikuta mara nyingi baada ya uchafu. Nyuma ya kifuniko cha dari, chini ya mashine, kuna chumba kidogo kilichogawanywa na kizuizi chembamba cha bati au sponji ngumu. Upande mmoja hewa inavutwa, upande wa pili inasukumwa. Kizuizi hicho kikiachia hata upana wa kidole, hewa baridi inayotoka inavutwa tena na mdomo ule ule kabla haijafika chumbani. Mashine inajipoza yenyewe. Kule matunduni unapata upepo kama wa mtu anayepuliza uji.

Kukagua si vigumu. Zima AC na uchomoe plagi, usitegemee swichi peke yake. Fungua skrubu za kifuniko, kishushe kwa mikono miwili, kwani kuna chenye nyaya za themostati (kidhibiti cha joto) ambazo ukivuta kwa pupa utakata. Angaza na tochi. Tazama kingo za kizuizi: je, tepu imebanduka? Kuna mwanga unapenya? Tazama pia pale mifereji ya dari inapoanzia. Mara nyingi mfereji hukatwa kiwandani kwa haraka, ukaacha pengo linalomwaga baridi ndani ya dari, kati ya paa na ubao, ambako hakuna anayeishi. Futa mafuta na vumbi kwa kitambaa chenye spiriti, subiri pakauke, halafu ziba kwa tepu ya aluminiamu, ile inayong'aa kama fedha. Tepu ya karatasi na ile ya plastiki ya mafundi wa stima hazidumu hapa, joto la paa linayeyusha gundi yake. Kazi yote inachukua saa moja na nusu na vifaa vyake havifiki bei ya gesi.

Bwana mmoja wa Kikambala alishalipa gesi mara mbili kabla hajanipigia. Fundi wa kwanza, kwa kuwa hakupata mdomo wa kutilia, alitoboa paipu ya shaba na kuifunga vali ya kubana. Kosa lilikuwa ni sponji ya kizuizi iliyoliwa na panya. Nilipofika, kizuizi tukakirekebisha kwa dakika 40, lakini vali ile ilikuwa imeanza kuvuja, na mashine iliyokuwa nzima ikawa sasa inahitaji kweli kile ilichodaiwa kukihitaji. Fundi yeyote akikwambia gesi imeisha kabla hajatoa filta wala kupima joto linaloingia na linalotoka, mshukuru na umwache aende zake.

Kuna sababu moja zaidi, ya wenye karavani zilizotoka Marekani. Mashine zile zimeundwa kwa stima ya volti 120 na hezi 60 (hezi ni mizunguko ya stima kwa sekunde), na huku kwetu ni volti 240 na hezi 50. Watu hununua transfoma ya kushusha volti na kudhani wamemaliza. Transfoma haigusi hezi. Mota ya feni iliyozoea 60 ikipewa 50 huzunguka polepole, karibu sehemu moja kwa sita chini ya kasi yake, na upepo hupungua hivyo hivyo, huku mota yenyewe ikichemka zaidi. Unaweza kusafisha filta hadi iishe nyuzi na upepo usiongezeke. Dawa ya kudumu ni kubadilisha mashine na kuweka ya volti 230 na hezi 50. Mashine nyingi za paa hukaa kwenye tundu la mraba la inchi 14 kwa 14, lakini za Ulaya nyingine zina tundu la kipimo kingine, kwa hiyo pima kabla ya kuagiza.

Upepo una nguvu, ila si baridi

Anza na jambo la aibu ndogo: je, themostati iko kwenye baridi au imeachwa kwenye feni pekee? Sikiliza. Kompresa, ile pampu inayosukuma gesi, ikiingia utasikia mngurumo mzito na taa zitafifia kidogo. Kama hukuusikia, ruka hadi kwenye habari ya stima hapa chini.

Kama kompresa inanguruma, panda uangalie paa. Kumbuka neno "angalia": paa la karavani si la kutembelewa ovyo, tumia ngazi na mwangalizi wa kuishika. Koili ya nje ni mabati membamba ya aluminiamu yaliyopangwa kama kurasa za kitabu, na hewa lazima ipite kati ya kurasa hizo. Chumvi ya bahari huzila. Msimu wa kusi, upepo unapotoka baharini kwa nguvu, karavani iliyo mstari wa kwanza pwani hupata koti jeupe la chumvi juu ya koili, na vumbi linanasa juu yake. Chomoa plagi, vua kifuniko cha plastiki, na uoshe kwa maji matamu yanayotiririka taratibu, kutoka ndani kuelekea nje, bila kulowesha mota na nyaya. Usitumie mashine ya kuoshea magari. Nguvu yake hulaza zile kurasa zote, na ukishazilaza umefunga mlango wa hewa kwa mikono yako. Zilizojikunja chache nyoosha kwa kisu butu cha siagi, pole pole, moja moja. Zikivunjika na kubaki unga mkononi, koili imekwisha na hakuna usafi utakaoirudisha.

Halafu kuna makuti. Wengi wanajenga banda la makuti juu ya karavani ili kupunguza jua, na wazo ni zuri kabisa, kivuli ni nusu ya AC. Lakini banda likiinamishwa hadi likaribie mashine, joto linalotupwa na koili ya nje linagonga makuti, linarudi chini na kuvutwa tena. Mchana wa Februari, nje kuna nyuzi 33, nimepima chini ya banda la namna hiyo nikakuta 46. Hapo AC haiwezi kitu. Acha mita moja au zaidi juu ya mashine, na pande mbili za banda ziwe wazi ili upepo wa bahari upite. Makuti makavu karibu na mota yenye joto ni hatari ya moto pia, na hilo peke yake linatosha kuinua banda. Kama unategemea mti, mwembe au mkwaju ni bora kuliko mnazi: nazi moja ikianguka inapasua kifuniko cha AC na kukunja feni.

Kama koili ya nje ni safi, paa liko wazi, kompresa inanguruma, upepo ni mzuri, na bado tofauti ya joto haifiki nyuzi 5, hapo ndipo suala la gesi linapata haki ya kutajwa. Tazama kama kuna doa la mafuta kwenye viungo vya shaba, maana gesi hutoka pamoja na mafuta. Ukilikuta, acha hapo. Kazi ya paipu na gesi ni ya fundi mwenye vifaa vya kunyonya, kuchomelea na kupima, na kwa mashine ya paa iliyozeeka mara nyingi hesabu ya kweli ni kununua nyingine.

Sehemu moja usiiguse ukitafuta baridi. Karavani zenye jiko la gesi huwa na matundu ya kudumu, mengine chini sakafuni na mengine juu, yasiyo na mlango wa kufunga. Yamewekwa makusudi. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja hushuka na kutokea kwenye tundu la sakafu, na hewa safi huingilia humo humo jiko linapowaka. Nimekuta yamejazwa vitambaa na magazeti "ili baridi isitoroke." Toa leo. Baridi inayopotea hapo ni ndogo, na kilichozuiwa na tundu lile ni watu kulala wasiamke.

Sebule baridi, chumbani moto

Hapa mashine ni nzima, ni mgawanyo tu. Tazama kwanza kama kile kifuniko cha katikati ya dari kina vipepeo, yaani vibao vidogo vya hewa, vinavyofunguka. Vikiwa wazi, baridi yote inamwagika pale pale chini ya mashine, na mifereji haipati kitu. Ni vizuri kuvifungua ukirudi mchana na karavani imechemka kama tanuri. Baada ya nusu saa vifunge, upepo uende vyumbani.

Kisha uliza hewa ya chumbani inarudi vipi. Ukifunga mlango wa chumba cha kulala usiku, tundu la chumbani linasukuma hewa ndani ya boksi lisilo na pa kutokea. Baada ya muda mfupi hakuingii kitu. Nyumba za Mji wa Kale zina madirisha yanayotazamana, na mwashi yeyote wa zamani angekwambia upepo hauingii mahali usipoweza kutoka. Acha upenyo wa vidole viwili chini ya mlango, au weka kitundu chenye wavu juu ya mlango kama hutaki kuuacha wazi. Hili tu limetibu karavani nyingi kuliko feni za ziada ambazo watu hununua.

Mapazia marefu na kabati lililosogezwa chini ya tundu huchangia pia. Elekeza matundu ya chumbani juu, yateleze darini, kwa sababu hewa baridi itashuka yenyewe, na ukiyaelekeza chini utampuliza aliyelala bila kupoza chumba. Tundu la mwisho kabisa, mbali na mashine, lifungue lote. Lililo karibu libane robo. Subiri saa moja kabla ya kurekebisha tena.

Barafu kwenye koili, au maji yanadondoka ndani

Mama mmoja wa Bamburi aliniita maji yakimdondokea kitandani. Alikuwa na mtoto wa miezi minne, na tundu lilikuwa linampiga mtoto usoni, basi akafunga leso juu ya tundu kwa pini. Halafu la pili, maana upepo ulihamia huko. Nilipotoa filta niliona koili nzima imekuwa nyeupe, barafu ya unene wa kidole, na nyuma yake mashine inavuma bure. "Kwani leso yaweza kuua AC, fundi?" Yaweza, mama, kwa siku mbili tu. Tukatoa leso, tukageuza tundu litazame dari, tukahamisha kitanda cha mtoto hatua moja.

Barafu maana yake karibu kila mara ni hewa chache juu ya koili: filta, matundu yaliyozibwa, koili chafu, kizuizi kilichoachia. Kuendesha AC usiku kucha kwenye nyuzi 16 na feni ya chini katika unyevu wa Aprili kunafanya hivyo pia. Ukiikuta, zima baridi na uache feni pekee, ya juu, saa moja hadi mbili. Usikwangue kwa kisu wala bisibisi. Ukitoboa koili umemaliza mashine. Ikiyeyuka, safisha, fungua matundu, weka nyuzi 24 au 25 na feni ya juu. Barafu ikirudi ndani ya siku moja na hewa inapita vizuri, ita fundi.

Maji bila barafu yana habari nyingine. Mashine ya paa haina bomba la kutolea maji mara nyingi. Maji hukusanyika kwenye sinia chini ya koili na kutiririka juu ya paa kupitia vitundu. Vitundu vikizibwa na majani na uchafu, maji yanafurika kuingia ndani. Zibua kwa waya laini. Angalia pia karavani imeegeshwa sawa: ikiinama upande mmoja, maji yanarudi ndani hata vitundu vikiwa wazi. Maji yakiingia wakati wa mvua tu, AC imezima, shida ni sponji ya kuzibia iliyoko kati ya mashine na paa. Boliti zake hukazwa kwa zamu, kidogo kidogo, hadi sponji ibaki karibu nusu ya unene wake. Ukizikaza zaidi unaiponda, na unakunja paa. Usipake silikoni kuzunguka mashine kwa nje badala ya kubadilisha sponji. Maji yatapata njia nyingine na hutayaona mpaka ubao wa dari uwe laini kama mkate uliotiwa chai.

Kompresa inawaka na kuzima kila dakika chache

Sababu ya kawaida ni ile ile ya kizuizi: hewa baridi ikirudi haraka mdomoni inagusa kihisi cha joto, nacho kinaamini chumba kimeshapoa. Udi utakuonyesha. Nyingine ni tundu linalopuliza moja kwa moja kwenye themostati ya ukutani, geuza tundu. Na kila unapozima kwa mkono, hesabu dakika tano kabla ya kuwasha. Kompresa ikilazimishwa kuanza mapema hukwama, na hiyo ndiyo inayowaka na kuzima na kuunguza vitu.

Harufu ya uvundo

Ni ukungu kwenye koili na sinia. Osha filta, nyunyizia koili maji ya sabuni laini, sugua kwa brashi ya nywele laini kufuata mstari wa zile kurasa, suuza kidogo. Dawa za klorini usitumie, zinakula aluminiamu na utazivuta kifuani. Kila siku kabla ya kuondoka, acha feni pekee ifanye kazi nusu saa ili koili ikauke. Harufu ya plastiki inayoungua si uvundo: chomoa plagi papo hapo.

Breka inakatika, au kompresa inagugumia na kunyamaza

AC ya karavani hula kiasi cha wati 1,500, na inapoanza hudai zaidi ya hapo kwa sekunde moja. Watu huivutia stima kwa ekstensheni nyembamba ya mita 30 kutoka jikoni kwa jirani. Volti zinaanguka njiani, feni inazunguka kwa uvivu, kompresa inagugumia na kushindwa. Gusa waya na plagi baada ya dakika 15. Ikiwa vina joto la kuushtua mkono, usiendelee. Tumia waya wa milimita za mraba 2.5 au zaidi, mfupi kadiri inavyowezekana, na ukunjue wote. Ekstensheni iliyobaki imeviringwa kwenye gurudumu lake hujichemsha mpaka plastiki inayeyuka. Birika la stima na AC visiwashwe pamoja kwenye soketi moja.

Breka ikikatika mara moja, irudishe mara moja. Ikikatika tena, iache. Usiweke breka kubwa zaidi, kwa kuwa breka hiyo ndiyo inayolinda waya usiwake moto darini.

Ukigusa mlango au mwili wa bati wa karavani ukahisi stima inakutekenya, ondoka, zima kwenye chanzo, watoto wasiukaribie, na uite fundi wa stima aliyesajiliwa kabla ya mtu yeyote kuingia tena. Msimu wa masika ardhi ikiwa imelowa, mtekenyo ule huua. Vilevile kapasita, ile mikebe midogo ya chuma iliyo ndani ya mashine, hubaki na chaji hata plagi ikiwa imechomolewa. Usiifungue kujaribu kuibadilisha kwa sababu umeona mtu akifanya kwenye simu.

Na stima ikipotea ukawasha jenereta, iweke mbali, upande ambao upepo unapeleka moshi nje na si kuelekea madirishani wala chini ya karavani. Moshi wake una kaboni monoksidi, haina harufu wala rangi, na AC yenyewe yaweza kuizungusha mle ndani mlimolala. Mkianza kuumwa kichwa wote kwa pamoja, tokeni nje kwanza, jenereta mtaizima mkiwa nje.